Chupa za Mchangani

Kiangazi kile cha 1999 Anastase alikuwa akimwagilia mchanga asubuhi na jioni, na majirani wa Kamembe hawakumwacha salama. "Mzee, muchanga yako imeota?" wakamtania. Mwenyewe alikuwa na yake moyoni. Chini ya mchanga ule na magunia mabichi alikuwa amezika chupa za bia kali ya Kibelgiji, ile aliyojifunza kupika pamoja na kaka yake Cassien, jikoni kwa mapadri wa Bukavu. Bia hiyo hutiwa sukari kidogo chupani, huzibwa, kisha huachwa itulie mahali pa baridi. Friji hakuwa nayo, na joto likizidi chupa hupasuka.

Alimpikia Cassien. Vita viliporudi ng'ambo, upande wa Bukavu, watu wenye bunduki walimchukua Mulume, mtoto wa Cassien, na midomo ya watu ikasema aliyemtaja kwao ni Anastase, baba yake mdogo aliyehamia Rwanda. Uongo mtupu! Lakini tangu hapo Cassien hakukanyaga kwake. Sasa alikuwa ametuma neno kwamba atavuka daraja la mpakani. Anastase alitaka kitu kimoja tu, kaka yake amwamini.

Jumapili akaja. Anastase alifukua chupa, akamimina polepole ili mashapo yabaki chini, povu likapanda jeupe na zito. Hapo mkono ukasita. Mgeni huonjewa; mwenye nyumba hunywa funda la kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Ila wao wawili hawakuwahi kuonjeana maishani. Akamsogezea glasi bila kuionja.

Cassien aliitazama, akairudisha.

"Onja."

"Yaya," Anastase alisema, akimwita kaka mkubwa kama tangu utotoni, "miye nikuonjee? Si tuko batoto ba maman moja?"

"Onja kwanza."

Akaonja. Bia yake haikuwahi kutoka tamu hivyo, naye akatamani ingekuwa imechacha.

Cassien akanywa iliyobaki yote, akafuta midomo, akasema "Merci" kama anavyoambiwa mwenye baa, kisha akashika njia ya darajani.

Toka siku ile Anastase hakumwaga tena maji. Jua la Agosti likakausha magunia, likapenya mchangani. Chupa ya kwanza ilipopasuka, mkewe Patricie alitoka mbio na ndoo.

"Wacha zipasuke," Anastase akamwambia. "Zilikuwa za yaya."