Mgongo kwa Kamera

Verna Dusek alijipaka usoni rangi ya manjano ya kupigia picha, akaisawazisha mpaka shingoni, kisha akaanza kuifunika yote kwa shali. Wanawake walikuwa wamebanana kwenye banda la kuvalia la studio ya filamu, wakigombea kioo kimoja kilichopasuka.

"Vuta zaidi," Concha alimwambia. "Ibaki pua tu. Na hiyo pua yenyewe ni hasara."

Concha Ybarra alikuwa mkongwe wa umati, wale watu wa kujaza nyuma ya picha. Alishakufa vitani, akacheza dansi ikulu, akauza samaki Venisi, na hakuna aliyewahi kumtambua barabarani. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliifanya vizuri. Studio ilikuwa na sheria moja kwa watu wa umati: sura yako ikishapigwa picha ya karibu, kwenye filamu hiyo huitwi tena. Hawakutaka mtazamaji aulize mbona muuza vitunguu sasa yuko kwa mfalme. Kwa hiyo wenye akili walikaa nyuma, wakainama, wakageuka, na wakaitwa tena kesho. Filamu hii ya mapinduzi ilikuwa na kazi ya wiki tatu zaidi.

Verna aliijua sheria. Tatizo lake lilikuwa Luella, binti yake.

Alimwacha Nebraska kwa dada yake, mtoto hajaanza hata kusema vizuri. Sasa alikuwa anasoma. Kila Jumamosi dada huyo alimpeleka sinema kumtafuta mama yake, na kila Jumamosi walirudi bure. Mwezi uliopita Luella alichoka kutafuta. Akamchagua mwanamke mmoja aliyekuwa anauza maua kwenye picha, akamwita mama, akakataa katakata kusahihishwa.

Nje, Paris ya mbao na plasta ilikuwa ikiwaka jua. Foleni ya mkate ilipangwa, watu wakitokwa jasho ndani ya nguo za sufu. Kando, mpiga fidla na mpiga kinanda walianza wimbo wa huzuni, maana hapo watu waliambiwa wahuzunike.

"Nataka mmoja," alisema Bwana Hallam, mwongozaji. "Gari la nyota wetu, Bi Ashby, linapita, mwanamke anainua uso. Njaa, lakini si ya mkate tu."

Msaidizi wake, Grady, akapita kwenye foleni akitafuta. Vichwa vyote viliinama.

"Leo mna haya wote?" Grady akauliza. "Mnakuja kuposwa?"

Watu wakacheka chini chini. Verna akashusha shali.

Concha akamfinya kiunoni. "Una wazimu wewe? Wiki tatu, shoga."

"Mtoto wangu anamwita mtu mwingine mama."

Concha akamwachia. "Haya, nenda."

Wakamsimamisha mbele, mkate wa plasta mkononi. Taa kubwa zikamchoma macho. Mpiga kamera akaanza kuzungusha mpini, na Hallam akawa anasema taratibu, "Inua. Polepole. Hapo hapo. Unamwona mtu wako na huwezi kumfikia."

Verna hakuigiza. Alitazama ule weusi wa kioo cha kamera kama vile mtoto amekaa ndani yake, na akatulia ili aonekane vizuri. Hallam aliposema basi, fundi mmoja wa taa alijipangusa macho akisingizia vumbi.

Bi Lenore Ashby aliteremka kwenye gari lake la farasi, akapanga gauni.

"Hallam, mpenzi. Watu watamwangalia nani hapo?"

"Wewe, bila shaka."

"Basi mgeuze."

Hallam akaangalia viatu vyake. "Tunarudia," akasema. "Mama wa mkate, mgongo kwa kamera."

Verna akamsogelea Grady. "Kama sionekani, kesho nirudi kwenye umati?"

"Haiwezekani. Ile ya kwanza imeshapigwa, na hawajaamua watatumia ipi."

"Kwa hiyo nimeonekana, na sionekani."

"Usinifanyie hesabu, mama. Na mimi nina bosi."

Fidla ikaanza upya. Gari likaja. Verna alisimama kama alivyoambiwa, mgongo kwa kamera, akisikia magurudumu yakikaribia. Yalipomfikia, akageuka. Shali ikaanguka mabegani, naye akatazama ndani ya kile kioo moja kwa moja. Mpiga kamera aliendelea kuzungusha. Mkono wake ulizoea kusubiri amri ya kusimama. Amri ilichelewa, maana Hallam naye alikuwa anatazama.

Kisha Bi Ashby akasema jambo, na kila mtu akaanza kupiga kelele.

Grady alimsindikiza Verna mpaka getini amemshika kiwiko, bila kumsukuma.

"Hapa umejifungia mlango," alisema. "Na kile kipande watakikata, unajua?"

"Nani anakata?"

"Kina dada wa ghorofani. Wanakaa gizani na mikasi kutwa nzima."

"Basi itabidi wanione kwanza," Verna alisema, "ndiyo wanikate."

Grady akafungua geti, akaangalia pembeni.

Kwenye kituo cha tramu, Verna alikaa na rangi yake ya manjano usoni na midomo aliyoipaka nyeusi. Msichana mdogo aliyekuwa ameshika sketi ya mama yake alimkodolea macho. Mama yake akamvuta mkono, akamwambia hiyo si adabu.

"Mwache, dada," Verna akasema. "Mwache aangalie."