Kuvua Kwenye Mto Nile

Jumamosi mchana, akiwa amejilaza "kidogo tu" kama alivyomwambia binti yake, Adelina aliota kwamba sanduku lake la safari limekataa kufungwa.

Kesho yake yeye na Imelda walikuwa waondoke Bukoba kwenda Misri, wakapande meli ya watalii iendayo polepole juu ya mto Nile, wakila humo na kulala humo. Imelda ni muuguzi, na safari hiyo alikuwa ameidundulizia fedha muda mrefu bila kumwambia mtu. Alimsomea mama yake maelezo yote ya meli kwa sauti: abiria wachukue nguo chache, nyepesi, zinazooana, jua la huko ni kali, kufua chumbani hairuhusiwi, maana meli ina dobi wake. Adelina alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kabati, akatoa gauni lake jeusi, zito, la mikono mirefu, akaliweka ndani ya sanduku. Hilo tu.

Tangu mume wake Fortunatus afariki, hakuvaa rangi nyingine. Mwaka wa msiba ulikwisha, misa ya kumaliza msiba ikasomwa. Wifi yake, dada wa marehemu, alikuja mwenyewe nyumbani kumwambia, "Wifi, sasa vua. Umemlilia kaka yangu vya kutosha." Adelina akaitikia, akamshukuru, na asubuhi iliyofuata akaonekana sokoni ndani ya jeusi lilelile.

"Mama, kama ni hilo tu, bora tusiende," Imelda alisema. "Sitaki kukutembeza ukiwa ndani ya msiba." Akatoka kwenda sebuleni kupiga pasi, macho yamemwiva. Adelina akajilaza, na usingizi ukamchukua.

"Umeniwekea gauni moja, tena jeusi," sanduku lilisema. "Watu bandarini watadhani mimi ni jeneza."

Adelina akaliomba radhi. Sanduku likajibu kwamba halijakasirika, ila lina jina la kulinda. Likashuka kitandani, likatangulia kwa magurudumu yake, naye akalifuata hadi mlango wa jikoni. Nje ya mlango, mahali pa migomba, palikuwa na mto Nile.

Mto ni mpana, na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Meli imeegeshwa kando ya banda la kuku. Kuku hawashangai.

Nahodha alikuwa pasi ya mkaa. Alikuwa mrefu kama mtu mzima, amevaa kofia nyeupe, na moshi ulikuwa ukimtoka mbavuni kwa utaratibu.

"Humu tunavaa nguo zinazooana," alisema. "Vyeti vya ndoa, tafadhali."

Bwana mmoja mnene, aliyekuwa mbele ya Adelina kwenye foleni, aliingia matatani. Shati lake la maua na suruali yake ya mistari vilikuwa vimeishi pamoja miaka mingi bila kufunga ndoa. Nahodha akaamuru vifunge hapohapo. Kola ya kasisi ikaja peke yake kuongoza ibada. Suruali ilipoulizwa kama imekubali, ilisema imekubali, ila shati liache tabia ya kuchomoka mbele za watu. Abiria wakapiga vigelegele. Yule bwana akapita, akitembea kwa uangalifu kama mtu aliyevaa maharusi.

"Na hili gauni limeolewa na nani?" nahodha akauliza.

"Limefiwa," Adelina alisema.

Nahodha akavua kofia. Moshi ukapungua. Kisha akasema, "Lipite. Ila gauni lililofiwa halivuliwi na mtu mwingine. Mwenyewe ndiye huvua. Hiyo ndiyo sheria ya humu."

Juu ya meli kulikuwa na kibao kimeandikwa VUA NGUO HAPA. Adelina akakishika kifua chake kwa mikono miwili, akatafuta pa kujificha. Ndipo akaona abiria wamekaa ukingoni kwa heshima zao zote, wameshika ndoana, na nyuzi zimezama mtoni. Walikuwa wanavua nguo kama watu wanavyovua sato.

"Keti hapa, dada," alisema mwanamke mwenye miwani, aliyejitambulisha kuwa ni Bi Hawaa kutoka Ujiji. Wakati huohuo uzi wake ulitikisika, akavuta, na sweta la shule likatoka majini, kavu, limekunjwa. Bi Hawaa akalinusa. "Langu hili," alisema. "Nililia sana liliponibana. Kila mtu huvua alichowahi kuvaa. Ukipata la mwenzako, unalirudisha majini."

"Na kama mtu hataki kuvua?"

"Anakaa tu na joto lake."

Adelina alipewa ndoana, akairusha. Jua linawaka. Jasho linamtiririka mgongoni, chini ya kile kitambaa kizito. Mara uzi unakazwa.

"Kubwa hilo!" Bi Hawaa alisema. "Usiliachie!"

Adelina akavuta kwa nguvu zote. Cha ajabu, kila alipovuta, yeye mwenyewe alisogea ukingoni. Akavuta tena, akasogea tena. Bi Hawaa aliinama kutazama, akarekebisha miwani. Ndoana ilikuwa imepita chini ya meli, ikatokea upande wa pili, ikapanda juu na kunasa pindo la gauni jeusi kwa nyuma.

"Umejipata mwenyewe," alisema, wala hakucheka. "Hutokea."

Adelina angeweza kukata uzi. Kisu kilikuwa pale pale kwenye mbao, na kisu chenyewe kilikohoa kidogo ili aone kwamba kipo. Akakitazama. Kisha akafumba macho, akavuta mara moja zaidi, na gauni likamvuka kichwani, likaangukia sakafuni, likawa linapigapiga kama samaki. Akabaki na shimizi. Hakuna aliyemtazama.

"Halikuvuliwa na mtu mwingine," nahodha alitangaza. "Ila limeshika tope. Lipelekwe kwa dobi."

Adelina akalibeba gauni kifuani, akashuka ngazi. Zilikuwa ngazi za chuma, kisha zikawa za saruji, na zilipoisha hakujikuta chini ya meli. Alikuwa uani, nyuma ya nyumba ya walimu, ile waliyohamia yeye na Fortunatus walipooana. Katikati ya ua dobi alikuwa ameinamia beseni, amekunja mikono ya shati.

Alikuwa Fortunatus. Hata alipokuwa hai, mashati yake alifua mwenyewe, akidai hakuna mtu mwingine anayejua kusuuza.

"Karibu, mama," alisema, kwa sauti ya mtu aliye kazini. "Ni chumba gani?"

Adelina akajikuta anataja chumba, ingawa hakuwahi kupewa. Dobi alipokea gauni, akaligeuza huku na huku.

"Hili tunalifahamu," alisema. "Huletwa mara kwa mara. Na kila mara mwenyewe huja kulichukua kabla halijalowa."

"Ninaogopa," Adelina alisema.

"Unaogopa nini?"

"Kwamba rangi itatoka."

Dobi alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza. "Itatoka," alisema. "Sitakudanganya." Na akalitumbukiza.

Rangi ikatoka. Ilinyanyuka kutoka kwenye maji, nyeusi yote, ikasimama kwenye ukingo wa beseni, ikajikung'uta kama mbwa aliyenyeshewa. Ikauliza njia ya kwenda juu. Fortunatus akaionyesha ngazi, nayo ikapanda taratibu, ikiacha nyayo za maji.

"Itarudi?" Adelina aliuliza. Hakujua ni jibu gani alilotaka.

"Itarudi kukusalimia. Ikija, ikaribishe, ipe kiti, mkae. Ila si lazima ilale kwako."

Gauni lililobaki ndani ya maji halikuwa na rangi anayoweza kuitaja. Fortunatus akalisuuza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kisha akashika ncha moja, akampa yeye ncha ya pili, kama walivyokuwa wakifanya kwa mablanketi.

Wanakamua. Yeye anasokota kulia, mwenzake anasokota kushoto. Maji yanachuruzika ardhini. Kitambaa ni kizito, mikono inateleza.

"Vuta, Mama Imelda," alisema Fortunatus. "Usilegeze. Siku zote unalegeza."

"Silegezi, Baba Imelda. Ni wewe unayevuta kama ng'ombe."

"Haya. Vuta."

Wakasokota. Kila walipozidi kusokota, kitambaa kilizidi kuwa kifupi, na mikono yao ikazidi kusogeleana. Adelina aliona vifundo vya vidole vya mume wake, vyekundu kwa maji na sabuni. Ilibaki kusokota mara moja tu. Honi ya meli ikalia, nayo ilikuwa sauti ya Imelda.

"Mama. Amka, Mama, usije ukaumwa kichwa."

Imelda alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Mapajani alipakata magauni ya vitenge vyepesi, bado yana joto la pasi. "Nilisema nawe vibaya," alisema bila kumtazama. "Nisamehe. Vaa unachotaka. Tutaenda hivyohivyo."

Adelina aligeuza kichwa. Gauni lilikuwa ndani ya sanduku, kavu, jeusi kama lilivyokuwa. Alilitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Imelda alianza kuwa na wasiwasi.

"Lisogeze chini kabisa," alisema hatimaye. "Halafu hayo uyaweke juu yake."

"Haya ya vitenge?"

"Hayo. Lile la njano liache nje. Nitalivaa kesho njiani."

Imelda aliyapanga moja moja, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alipomaliza, akamshika mama yake mikono ili amwinue, na hapo akasita. Akaigeuza ile mikono, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe, zimenyauka na kujikunja, kama za mtu aliyeshinda kwenye beseni.

"Mama, ulikuwa unafua nini? Na maji yamekatika tangu jana?"

Adelina akaitazama mikono yake. Akaifumba taratibu.

"Tulikuwa wawili," alisema. "Haikuwa kazi kubwa."