Nepi Kwenye Chemchemi ya Mheshimiwa

Chemchemi ya ukumbusho wa mwanasiasa mmoja wa enzi za ukoloni ilirusha maji kutwa, na mtaa wa nyuma yake ulikuwa na mabomba makavu wiki ya tatu. Kwenye jiwe, chini ya jina lake, waliandika: Aliyetuletea Maji. Kuilinda walimweka mtu mwenye filimbi, baba wa kichanga cha siku nne.

Asubuhi hiyo akaja mama mkwe wake, beseni la nepi kichwani na ndoo mkononi. Akachota.

"Mwaga hayo maji!" msimamizi wa mlinzi akafoka kutoka kwenye gari lake kando ya barabara.

"Mama, nisamehe," mlinzi akanong'ona. "Nitafukuzwa kazi." Akaimwaga ndoo.

Yule mama hakulia. Alilipiga lile jiwe kofi.

"Aliyeleta maji ni baba yangu! Mtaro wa bomba la maji haya aliuchimba kwa viboko vya huyu, na siku bomba lilipofunguliwa akakatazwa kunywa. Leo mkwe wangu mwenyewe ananikataza mimi!" Akalibwaga beseni miguuni pa mlinzi. "Haya, baba mtu. Nepi za mwanao hizo. Zifue kwa filimbi."

Wapita njia wakaangua kicheko. Msimamizi akapiga honi. "Mtoe huyo bibi kizee!"

Hapo mlinzi akageuka, macho mekundu. Akavua kofia ya kazi, akaitundika kwenye jiwe, ikaziba lile jina. Akavua viatu, akaingia kwenye chemchemi na beseni la nepi.

"Mama," akasema kwa sauti ya kusikika hadi garini, "nipe sabuni."