Kijiko Kwenye Bomba la Joto

Kijiko kilining'inia kwa uzi mwekundu kwenye bomba la joto, jikoni kwa Genoveva, ghorofa ya tano. Shingo ya kijiko ilikuwa imepinda kwa miaka arobaini ya kugonga. Kila asubuhi Genoveva aligonga mara tatu, na chini yake, ghorofa ya nne, Iluminada akajibu mara tatu kwa kijiko chake. Maana yake: nimeamka, sijafa, injika kahawa. Mwaka ule wa theluji nyingi, siku kijiko cha chini kilipokosa kujibu, Genoveva aliteremka na gauni la kulalia, akamkuta mwenzake ameanguka bafuni. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kukiita kitu cha mchezo.

Sasa nyumba ya Genoveva ilikuwa inauzwa.

Tangazo alilibandika mwenyewe kwenye mlango wa barabarani: vyumba viwili, jiko lenye dirisha, hakuna lifti, bei ya ushirika, mwenye kipato kikubwa asijisumbue. Ndivyo lilivyokuwa jengo lile la Mtaa wa Nane, tangu mwenye nyumba alipolikimbia na madirisha yakabaki mashimo. Wapangaji, wengi wao watu wa Puerto Rico, walishusha vifusi kwa ndoo, mkono kwa mkono, ngazi kwa ngazi, na jiji likawauzia kwa bei ya kutupa. Walipatana jambo moja: mtu wa mshahara mdogo asije akafungiwa mlango. Nayo New York ikapanda bei pande zote, jengo lao likabaki katikati kama jino la bibi lililokataa kung'oka.

Genoveva alikuwa na sababu. Magoti yalikuwa yamemwambia basi, na kule kwao Puerto Rico, mjini Ponce, dada yake asiyeona alikuwa akiishi chini ya turubai tangu tufani ilipobeba paa. Bei ya nyumba ndiyo ingerudisha paa hilo. Iluminada aliyajua yote hayo, na hata hivyo alikuwa amekwisha kuwakataa wanunuzi wawili. Kamati ya jengo, iliyopitisha wanunuzi, ilikuwa ya watu watatu, Iluminada akiwa mmoja wao. Genoveva, kwa kuwa ndiye muuzaji, hakuwa na kura, na waliobaki wawili ilibidi wakubaliane. Wa kwanza alipanda ngazi akipiga mluzi. "Anayefika ghorofa ya tano na mluzi mdomoni," alisema Iluminada, "hajapata kubeba kitu maishani mwake." Wa pili aliuliza kwa nini kile kiti kibovu cha ghorofa ya tatu, kilichowekwa kwa ajili ya magoti ya wazee, hakijatupwa. Huyo alijikata mwenyewe.

"Na wa leo utamtoa kasoro gani?" Genoveva aliuliza, akipanga vipande vya jibini na tamutamu ya mapera kwenye sahani. "Kope zake?"

"Sijamwona bado."

"Ndiyo maana nakuuliza mapema, bibi wewe."

Mnunuzi aliitwa Oneida, mwanamke wa Santo Domingo, mpishi wa jiko la shule. Aliingia akitweta, amekumbatia kopo la biskuti lililojaa karatasi zake.

"Shikamooni, mama zangu. Kile kiti cha chini mguu mmoja unacheza. Nimeutilia kadibodi, msije mkaanguka."

Iluminada alimtazama toka viatu hadi kichwani. Alikuwa amejiandaa kumchukia, na mgeni hakumpa pa kushikia.

Lakini Bwana Hrynko, mwenyekiti wa kamati, alipata. Alikuwa mtu wa posta mstaafu, mwenye asili ya Ukraine, aliyehamia jengoni miaka kumi na miwili tu iliyopita, na karatasi alizisoma kama kuhani asomavyo kitabu chake.

"Mshahara uko chini ya kikomo," alisema. "Ila mwezi wa Mei benki imepokea dola elfu sita nyingine. Za nani hizi?"

Oneida alitazama mikono yake. "Zangu."

"Kazi ya pili?"

"Hapana, baba."

"Zawadi? Mkopo?"

Oneida akalifunika kopo lake la biskuti. Bwana Hrynko akavua miwani, si kwa ukali, kwa huzuni. "Dada, tukizihesabu hizi umepita kikomo. Sheria ni sheria."

Iluminada alikwisha kujua. Alijua tangu aliposikia elfu sita, na alijua kwa nini mwanamke yule amefunga mdomo: ya wanawake wenzio hayamwagwi mbele ya karatasi za watu. Alichotakiwa ni kukaa kimya tu. Asinene uongo, asimsingizie mtu. Ajaze kahawa mdomoni ameze. Kesho kijiko kingegonga mara tatu, na kesho kutwa.

Akainua macho. Genoveva alikuwa amewapa mgongo, akikoroga sufuria ya kahawa ambayo ilikwisha kumiminwa yote. Naye alikuwa anajua. Alikoroga pole pole, sufuria tupu, wala hakugeuka.

"Mko wangapi?" Iluminada akamuuliza mgeni.

Oneida alishtuka. "Kumi na wawili, mama."

"Na zamu yako ilikuwa ya ngapi?"

"Ya tatu. Lakini nilimpisha mwenzangu aliyefiwa, nikapokea ya mwisho."

"Mnaongea nini ninyi?" akauliza Bwana Hrynko.

"Upatu, Hrynko. Hebu fungua miezi ya nyuma. Utaona mia tano zinatoka, kila mwezi mia tano."

Alifunua. Alifunua tena, kidole kikishuka ukurasani. "Zipo," alisema taratibu.

"Basi hizo elfu sita si kipato. Ni fedha zake mwenyewe, zilikwenda kutembea kwa majirani, zimerudi nyumbani. Boila la joto linalokuamsha kila baridi unalijua?"

"Nalijua na ngurumo zake."

"Lilinunuliwa hivyo hivyo. Wanawake kumi na wanne, na kila mmoja fedha za zamu yake alizitoa kwa jengo. Ungekuwapo wewe na miwani yako, tungelala na barafu."

Hrynko alicheka hadi mabega yakamtikisika, akanyoosha mkono juu. Wakamngoja Iluminada. Mkono wake ulipanda kwa uzito, kama unaopokea ndoo ya vifusi kutoka kwa wa juu yake.

Mgeni alipoondoka, Genoveva alisema, "Ungeweza kunyamaza."

"Na wewe ungeweza kusema."

"Muuzaji hana kauli."

"Tangu lini wewe umekosa kauli?"

Wakacheka, kisha wakaosha vikombe, mmoja akiosha, mmoja akifuta. Kikombe cha mwisho Iluminada alikifuta muda mrefu.

Genoveva aliondoka Jumanne, akamwachia Oneida funguo na kijiko, naye akahamia jioni ile. Jumatano Iluminada aliamka mapema, akaketi jikoni bila kuwasha taa. Boila lilinguruma, mabomba yakaanza kupata joto. Alijiambia kwamba anasubiri maji yachemke, ingawa hakuwa ameinjika kitu.

Ndipo juu kukagongwa, kwa woga, kama mtu abishaye mlango wa wakwe. Moja. Mbili. Tatu.

Kisha, baada ya kusita, nne.

"Nne!" Iluminada alisema peke yake. "Genoveva kamfundisha nini huyu?"

Akachukua kijiko chake, akakigeuza kidogo mkononi. Akagonga nne, mgeni asije akajiona amekosea.