Kimbunga Kilichojaza Bwawa Letu

Mwaka ule kisiwa chetu kilikauka mpaka maji ya kuoshea mchele tukawa tunapikia viazi. Redio ya mjini Naha ilipotangaza kimbunga, tulipigilia mbao madirishani tukiimba, kisha tukapanga mapipa uani kama watu wanaongoja harusi.

Mvua ilianza asubuhi. Haikunyesha, ilimwagwa! Mapipa yakafurika kabla chai haijachemka. Mimi nashangilia, kumbe wifi yangu Nabe, dada wa marehemu mume wangu, kabandika jicho kwenye ufa wa mbao.

"Tomi! Maji ya mlimani yanakwenda baharini!"

Nikachungulia. Msonobari ulikuwa umeangukia mfereji wa bwawa la kijiji. Maji yote yalikuwa yakiteremka barabarani, na bwawa bado matope matupu.

Adhuhuri upepo ukakatika ghafla, jua likawaka. Jicho la kimbunga lilikuwa juu yetu. Muda si mrefu upepo ungerudi kwa upande wa pili.

"Lete shoka," akasema Nabe.

"Wifi, na uzee huo?"

"Uzee wangu una mikono. Wewe baki ulinde mapipa!"

Tukatoka mbio. Mimi nilikata, yeye aliingia majini hadi kiunoni akivuta matawi na kuutukana ule mti kama mtu aliyemwibia nguruwe. Jirani yetu Kamejiro akaja na msumeno, na wengine nyuma yake. Upande wa bahari mbingu ikaanza kuwa nyeusi.

"Upepo unarudi! Tukimbieni!" Kamejiro akapiga kelele.

Nabe akalala chali ukingoni, akakanyaga shina kwa miguu yote miwili. "Sukumeni! Au mmekuja kunitazama?"

Tukasukuma. Shina likalia, likageuka, maji yakalibeba, na Nabe nusura aende nalo. Nilimdaka mkanda wa kiunoni, tukabiringika matopeni huku maji yakinguruma kama mto mzima kuingia bwawani. Moyo ulinidunda kwa furaha hata nikasahau kuogopa.

Tulifika nyumbani mvua ikitupiga mgongoni kama kokoto. Tukaegemea mlango wote wawili, tunacheka, tunatetemeka.

Kesho yake bwawa lilikuwa linamwagika kingoni. Watu walicheza ngoma palepale. Nabe alicheza pia, ila sauti ilikuwa imemkauka kwa yale matusi, na Kamejiro akatangaza kwamba kimbunga kimetuletea neema mbili: maji, na ukimya.

Nabe akamrushia tope.