Masurufu ya Didas

Nilikuwa nimechutama katikati ya mahindi ya mama mkwe, kanga nimejifunika hadi machoni, nikimsubiri baba mkwe apite. Ilikuwa asubuhi, umande wa Kihesa, pale Iringa, unanilowanisha magoti. Mzee akasimama mwanzoni mwa shamba. Alikuwa ameniona, kanga nyekundu haifichiki kwenye mahindi.

"Kamwene," akanisalimu Kihehe.

Nikanyamaza.

"Mwanangu, kamwene."

Nikazidi kuinama. Akaenda zake akinung'unika, na baadaye nikamsikia uani akimwambia mwanawe: "Didas, huyu uliyetuletea kutoka Mbeya, kama si bubu basi ana dharau. Ananikimbia kama nina ndui."

Mimi ni Mnyakyusa. Kwetu Rungwe mke haonani na baba mkwe. Anampisha njia, hamtazami, jina lake halitamki. Hata hapa sitalitaja. Amekufa zamani, lakini ulimi wangu haujazoea. Nilikuwa bibi harusi wa juzi tu, na nilikuwa namheshimu yule mzee kwa nguvu zangu zote. Kumbe kila nilipozidisha heshima, ndipo nilipozidi kumtukana.

Didas, mume wangu, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akakatisha kicheko.

"Tupokigwe, kimya chako kwenu ni nini?"

"Ni heshima."

"Na kwetu?"

"Si umemsikia mwenyewe baba yako?"

"Basi ndivyo zilivyo mashine zetu," akasema, akatoka nje bila viatu, akaanza kuzunguka zunguka uani kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Mashine zilikuwa mbili. Ilikuwa mwaka sabini na tatu, na shirika letu la pareto lilikuwa na kompyuta Iringa, ya Waingereza, na nyingine Mbeya, ya wafadhili wa nchi nyingine. Kila moja ilijaza chumba. Mimi, na darasa langu la saba, nilikuwa mtoboa kadi Mbeya: unapiga herufi kwenye mtambo, mtambo unatoboa matundu, kompyuta inasoma matundu. Didas alikuwa amesomea Ulaya kazi ya kuzipa akili mashine hizo, naye alikuwa Iringa. Mimi nisingeweza kumfuata. Mama yangu alikuwa hoi kitandani kule Mbeya, na hakuwa na mtoto mwingine. Hivyo tulioana kanisani, tukala pilau, kila mtu akarudi kwenye mashine yake.

Lakini tulikuwa na tumaini moja. Wakubwa walisema hawawezi kulisha waandishi wa programu mahali pawili. Programu ya hesabu za wakulima iliyoandikwa Iringa ikiweza kufanya kazi Mbeya bila kuandikwa upya, basi kazi yote ya kuandika ingehamia Mbeya, na Didas pamoja nayo. Ikishindikana, kila mashine ingebaki na watu wake.

Alinieleza kwa namna niliyoielewa. Ndani ya kila kompyuta kuna msimamizi. Si mtu, ni programu kubwa inayopokea maombi yote: nisomee kadi, niandikie karatasi, nipe nafasi. Mwandishi anaandika kwa lugha inayofanana na ya watu, kisha kompaila inaifasiri iwe ya mashine. Watu wakadhani hapo kazi imekwisha. Lakini programu iliyokwisha kufasiriwa bado ni mgonjwa wa kubebwa: haijui kusoma kadi yenyewe, haijui kugawanya namba yenye nukta, haijui la kufanya ikikosea. Inahitaji vijiprogramu vya kuisindikiza kila inakokwenda. Na hivyo vya Iringa vilimzoea msimamizi wa Iringa. Kadi zikiisha, yule alikuwa akisema kwa upole, zimekwisha. Wa Mbeya alikuwa hasemi kitu. Kadi zikiisha aliifukuza programu nje, na kazi ya siku nzima ikapotea.

"Kwa hiyo," Didas aliniambia, "programu isiongee na msimamizi hata siku moja. Isimtazame. Isijue jina lake. Iongee na wasindikizaji wangu, na wao ndio waongee naye. Nikihama nyumba, nabadilisha wachache tu, wale wa mlangoni."

"Umeniibia mila yangu."

"Nimeiazima."

Vile vijiprogramu akaviita Masurufu, kwa kuwa masurufu ndiyo anayobeba msafiri. Ndugu Eliezeri, mkuu wetu wa Mbeya, aliposikia alicheka: "Masurufu? Hayo yako kwa mhasibu, ndugu yangu. Nenda ukapange foleni."

Mwaka mzima Didas aliandika. Kila mwisho wa mwezi alipanda basi kuja Mbeya, na maboksi ya kadi kayazungushia vitenge vyangu zisipate unyevu. Safari moja konda akamwuliza, "Mayai?" Akajibu, "Programu." Konda akasema, "Basi pakata mwenyewe. Ikivunjika usiniite." Alipakata tangu Iringa; basi liliposimama Igawa wenzake wakashuka kula wali, yeye akabaki kwenye kiti, mpaka akanifikia miguu imekufa ganzi.

Usiku wetu tulikuwa tukitegeana vitendawili. Nilivipenda tangu utoto, na vingine nilivitunga mwenyewe. "Kitendawili!" "Tega." "Ng'ombe wangu anakula makaratasi yenye matundu, anakunya makaratasi yasiyo na matundu." Hicho alikipata. Vingine vilimshinda, nikamwambia nipe mji, akanipa Songea, akanipa Tabora, akanipa hata Mwanza na ziwa lake. Mbeya alikataa kunipa. "Mbeya siutoi," alisema. "Humo nitakaa."

Na kule Kihesa alimweleza baba yake mila ya kwetu. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho. Tangu siku ile nikienda likizo, kabla ya kutokeza kona ya nyumba alikohoa kwa nguvu, akasubiri, ili mimi nipate nafasi ya kukimbia. Sijawahi kupendwa namna ile na mtu nisiyemtazama.

Siku ya majaribio ilikuwa ya baridi, ukungu wa mlima Loleza umeshuka mpaka madirishani. Kadi nilikuwa nimezitoboa mimi. Didas alizipanga kwenye kisomeo cha kadi kwa mikono yote miwili, na Ndugu Eliezeri akasimama nyuma, koti mabegani. Kadi zikaanza kuingia. Zilipofika mwisho nilifumba macho, maana hapo ndipo msimamizi wetu alipokuwa akiifukuza programu.

Hakuifukuza. Msindikizaji wa mlangoni alikuwa amekwisha kuchungulia, akaiambia programu kwa lugha yake: zimekwisha. Mtambo wa kuchapa ukaanza kupiga kelele.

Didas alichukua karatasi ile, akachukua na ile iliyochapwa Iringa, akaziweka pamoja kwenye kioo cha dirisha. Mwanga ukapita. Majina ya wakulima yalikaa juu ya majina, kilo za pareto juu ya kilo. Hapakuwa na namba iliyochungulia pembeni.

"Hongera sana," Ndugu Eliezeri akasema, akavua kofia. Tukadhani anafurahi. "Nilitaka umalize kwanza. Mashine ya Iringa inang'olewa."

"Inaletwa hapa?"

"Inapelekwa Dar. Serikali imezuia kuingiza kompyuta na vipuri vyake. Dar wana nyingine, pacha wa ya kwenu, inaharibika. Ya Iringa itakuwa vipuri vyake. Na wewe ndiye unayeijua."

"Lakini Masurufu yanafanya kazi, Ndugu. Umeona."

"Nimeona. Ni kazi nzuri ya mashine mbili." Alivaa tena kofia. "Huku kwetu inabaki moja, na wafadhili wataifunga mkataba ukiisha. Sasa utahamishia wapi, kutoka wapi?"

Didas alibaki ameshikilia zile karatasi kwenye kioo, mpaka mikono ikachoka, zikateleza.

Alikwenda Dar na mashine yake, imefungwa vipande vipande kwenye lori. Mwanzo alikuja kila nafasi ilipopatikana. Binti yetu Rozalia akazaliwa. Mashine ya Mbeya ikafungwa, nikahamishiwa kwenye kupima magunia. Mama hakufa, hakupona. Alikaa hivyohivyo miaka. Dar nako mashine ikala vipuri vyote vya Iringa, na Didas akabaki kuitunza kama mtu anayemlisha mgonjwa uji asioumeza. Safari zake zikawa za Krismasi, halafu za Krismasi moja moja. Hatukugombana. Ningependa niseme tuligombana.

Mwaka sabini na tisa, mchana, nilikuwa napembua mchele. Nikasikia hatua uani, zikasimama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi.

"Hodi," Didas akasema.

Nikaweka ungo chini, nikajifuta mikono.

"Karibu," nikasema, nikamvutia kiti cha wageni.