Ugomvi wa Sakafu ya Wodi ya Wazazi

Asubuhi ile Pimamaji alikuta nyundo mbili za kubomolea zimeegemezwa mlangoni mwa bafu la wodi ya wazazi. Walimwita hivyo, jina la kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, kwa kuwa hakuwahi kubandika kigae bila kukipima kwanza. Siku kumi na mbili alipiga magoti humo, yeye na mjomba wake aliyekuwa akimchanganyia saruji, mpaka sakafu ikateremka taratibu kuelekea tundu la maji pembeni.

"Maji yanatuama," alisema msimamizi wa mkandarasi mkuu, mikono mfukoni. "Vigae vinabomolewa leo."

"Sakafu yangu haina kosa, kaka. Aitwe mwamuzi."

Msimamizi akacheka. Mwamuzi alikuwa wa mkataba mkuu, ule wa mwenye jengo na mkandarasi: wakigombana anakuja kuangalia, na hakuna kinachoguswa mpaka aseme. "Huyo ni wa wakubwa, dada. Wewe una mkataba mdogo. Hukuridhika, nenda mahakamani."

Mahakamani! Mpaka kesi iitwe, vigae vingekuwa kifusi zamani, na hakimu angeonyeshwa nini?

"Tubomoe tu, mwanangu," mjomba akanong'ona. "Mgongo wangu ushazoea kulia."

Pimamaji alifungua mkoba, akatoa mkataba wake kwenye mfuko wa nailoni. Ulipoletwa kutiwa saini ulisema tu kwamba kazi itafuata masharti ya mkataba mkuu. Akauliza, "Hata ya ugomvi?" Karani wa mkandarasi akajibu kwamba hilo linajulikana. "Kama linajulikana, liandike," akasema, akakaa kitako ofisini mpaka karani akachoka kumtazama, akashika kalamu.

"Soma hapa, kaka. Kwa sauti."

Msimamizi akasoma, sauti ikizidi kufifia: "Kifungu cha kumi na nane cha mkataba mkuu, cha kumaliza migogoro, kinatumika pia katika mkataba huu. Palipoandikwa mwenye jengo pasomeke mkandarasi. Palipoandikwa mkandarasi pasomeke fundi vigae." Chini yake saini ya bosi wake mwenyewe, na muhuri juu.

Akajikuna kisogo. Akapiga simu. Nyundo zikarudi stoo.

Mwamuzi alifika siku ya tatu, bibi mmoja mhandisi mstaafu, amevaa viatu vya mpira, hana maneno mengi. Aliomba ndoo ya maji, akaimwaga mlangoni. Maji yakakimbia moja kwa moja mpaka kwenye tundu, yakafika, yakasimama hapo hapo.

"Si nilisema?" msimamizi akadakia.

Bibi aliinama, akang'oa kifuniko cha tundu, akachokoa kwa bisibisi, akatoa donge la lipu gumu kama jiwe. Wapiga lipu wa dari, watu wa mkandarasi mwenyewe, walikuwa wakioshea ndoo zao humo. Maji yakanguruma, yakashuka yote, sakafu ikabaki inang'aa.

"Zibueni bomba vizuri," alisema, huku akiandika. "Sakafu isiguswe."

Pimamaji akaegemea ukuta, akateremka mpaka akakaa chini, sketi ikalowa, asijali. Alishusha pumzi ambayo ni kama aliizuia siku tatu nzima, halafu akaanza kucheka peke yake.

"Mimi tangu mwanzo nilisema aitwe mwamuzi," mjomba akatamba.

"Ulisema lini, mjomba?"

"Nilisema moyoni. Wewe ndiye husikii."